Nimetoa ngano nikaweka muhogo, keki ikadidimia: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naoka keki nyumbani Morogoro, kwa sufuria, mkaa chini na juu. Kipimo changu ni vikombe viwili vya unga wa ngano, majarini robo kilo, kikombe cha sukari, mayai manne, maziwa nusu kikombe na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Mtoto wa dada yangu amepimwa hospitali, daktari amesema asiguse ngano kabisa. Nikatoa ngano, nikaweka vikombe viwili vya unga wa muhogo nilioletewa kutoka Sengerema. Keki iliumuka kisha ikadidimia katikati, ndani imeshikana kama ugali, na ina harufu ya uchachu. Kuna jedwali linazunguka kwenye simu linasema unga wowote hubadilishwa kikombe kwa kikombe. Kosa ni langu au la jedwali? Na kwa kuwa nauza pia mandazi na chapati, ngano ikipanda bei naweza kuchanganya unga gani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kosa ni la jedwali. Na mimi nimeletewa jedwali hilo, tena na watu kadhaa, na sijui aliyelitunga aliwahi kuoka nini. Limewamalizia watu mayai na majarini bure.

Ndani ya keki unga wa ngano una kazi tatu. Unanyonya maji. Unatoa wanga ambao ukipata joto unavimba na kuganda, ndiyo keki inasimama. Na unatengeneza utando unaovutika, unaonasa hewa na mvuke wakati keki inaumuka. Kazi mbili za mwanzo karibu kila unga unazifanya, huu zaidi na ule kidogo. Ya tatu haina mbadala wa moja kwa moja. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikikutana na maji hushikana na kuwa gluteni. Ukikanda, utando unakaza. Ndiyo maana chapati tunaikanda mpaka kiganja kiume, lakini kwenye keki tunakoroga mara chache tu baada ya unga kuingia.

Unga wa ngano wa kawaida una protini asilimia 10 hadi 12 hivi. Unga wa muhogo una asilimia moja au mbili, na hata hiyo haifanyi utando. Kwa hiyo bekingi pauda yako ilifanya kazi yake vizuri, ikatoa gesi, keki ikapanda. Hakukuwa na kitu cha kuishikilia ile gesi mpaka wanga ugande. Ikatoroka, keki ikashuka. Wanga wa muhogo wenyewe ukishiba maji huwa mzito na wa kuvutika, na ndio uliokupa ule ugali katikati. Kama pia uliikata ikiwa moto, ulijiongezea tatizo: keki yenye muhogo huendelea kukaza inapopoa, na ukiikata mapema utadhani haijaiva hata kama imeiva.

Sasa kikombe. Kikombe cha mililita 250 ukikijaza unga wa ngano kwa kijiko, bila kugandamiza, unapata gramu 125 hivi. Ukikichovya mfukoni na kukishindilia, unafika 150. Unga wa mchele kikombe hichohicho hukaribia 160. Bado hatujazungumzia kikombe chenyewe, maana kikombe cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Ukibadilisha unga, badilisha kwa gramu. Mizani ndogo ya jikoni siku hizi haina bei ya kutisha, na kwa mtu anayeuza keki itarudisha gharama yake mapema kuliko sufuria mpya.

Harufu ya uchachu ina maelezo yake. Unga wa muhogo wa Kanda ya Ziwa mara nyingi ni wa udaga: muhogo umevundikwa au umelowekwa siku kadhaa ndipo ukaanikwa na kusagwa. Kwa ugali ni unga mzuri sana. Tena kule kuvundika kuna sababu, kwani muhogo mchungu una kemikali inayozalisha sianidi, na kuchachusha ni njia mojawapo ya kuipunguza. Lakini harufu ya udaga haifichwi na iliki wala vanila. Kwa kuoka tafuta unga wa muhogo mtamu usiochachushwa, yaani muhogo uliomenywa, ukakunwa, ukakamuliwa na kukaushwa haraka. Unga huo ni mweupe na ukiunusa hauna uchachu. Ukinunua wa kiwandani, angalia alama ya shirika la viwango. Kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Usijitengenezee unga kwa muhogo usiojua kama ni mtamu au mchungu. Kumenya, kukata vipande vikubwa na kuanika juani hakutoshi kwa muhogo mchungu.

Halafu usichanganye unga wa muhogo na wanga wa muhogo. Wa kwanza ni mzizi mzima uliosagwa, una nyuzi zake. Wa pili ni ule mweupe laini unaotuama chini muhogo ukikunwa na kuoshwa kwa maji, unalia kidogo ukiubana kwa vidole. Katika kuoka kila mmoja una nafasi yake, na kipimo cha mmoja hakifai kwa mwingine.

Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja, la afya ya mtoto na la bei, na majibu yake hayafanani hata kidogo. Nianze na la bei kwa kuwa ndilo jepesi.

Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa Tanzania na Kenya inatoka nje, kwa hiyo bandari ikikohoa sisi tunaokanda tunaugua. Wazo la kuichanganya na unga wa hapa si geni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, na katikati ya miaka ya 2000 serikali ya Nigeria ilitaka wasagaji waweke asilimia 10 ya unga wa muhogo kwenye unga wa mkate. Kwenye asilimia 10 mlaji wa kawaida hatambui. Kadiri unavyopanda kutoka hapo, mkate unapungua kimo na kukauka upesi.

Kipimo cha kuangalia ni chakula unachopika kinautegemea ule utando kiasi gani. Mkate wa hamira unautegemea kuliko vyote, kwa hiyo ishia asilimia 10, au 15 ukiwa na mkono mzoefu. Chapati zinafuata: gramu 200 za muhogo katika kilo moja ya mchanganyiko zinakubali, ila kanda kwa maji ya moto na funika donge nusu saa kabla ya kukata matonge, la sivyo zitapasuka pembeni ukizisukuma. Mandazi yanavumilia robo. Keki inavumilia hata theluthi, kwa sababu mayai yanasaidia kushika. Biskuti hazina shida kabisa, nusu kwa nusu zinakubali, na kwangu biskuti ya nusu ulezi ni tamu kuliko ya ngano tupu. Chapati za maji usizihesabu, zile zinapokea karibu chochote.

Kwa mandazi mimi nisingekimbilia unga mkavu kwanza. Ningetumia viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa. Chemsha, menya, ponda vikiwa moto, kisha kwa kila gramu 700 za ngano weka gramu 300 za viazi vilivyopondwa. Maji au tui la nazi punguza sana, anza na nusu ya unachoweka kila siku na ongeza kidogokidogo, kwa sababu viazi vina maji yao. Sukari pia punguza. Yanatoka na rangi ya kuvutia na yanabaki laini mpaka kesho yake, jambo ambalo wateja wa asubuhi hulipenda. Angalia moto tu: sukari ya viazi hubabua haraka, mafuta yakiwa makali utapata andazi jeusi nje na bichi ndani.

Unga mwingine niupitie kwa haraka. Ulezi unyonyeshe kioevu zaidi, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa kikombe, na ukiukaanga kidogo kwenye kikaango kikavu kabla ya kutumia unapata harufu nzuri. Unakwenda vizuri na ndizi mbivu na iliki. Mtama chagua mweupe. Mwekundu mara nyingi una ukakasi unaobaki ulimini. Mahindi, tumia sembe kwa keki, na uimwagie maziwa ya moto ikae robo saa, vinginevyo utasikia mchanga mdomoni. Dona ina kiini chenye mafuta, kwa hiyo huchacha mapema na haipendi kukaa kabatini. Dengu ina protini nyingi na inatia rangi upesi, ila usizidishe asilimia 15, na usionje rojo yake mbichi, ni chungu na itakutia wasiwasi bure. Unga wa nazi ni mlafi wa maji kuliko wote: tumia robo tu ya uzito wa ngano uliyoitoa, na ongeza yai. Atta na ngano nzima badilisha nusu, ongeza maji kidogo, acha donge lipumzike nusu saa ili makapi yalainike yasikate ule utando. Na kama mfuko wako wa ngano umeandikwa kwamba una bekingi pauda ndani, usiongeze nyingine.

Sasa mtoto.

Ukishaambiwa aache ngano kabisa, hesabu za robo na theluthi hazikuhusu tena. Robo ya ngano kwake ni sawa na keki nzima. Ngano ina majina mengi madukani: atta ni ngano, suji ni ngano, tambi karibu zote ni ngano, vipande vya mkate vya kupakia katlesi ni ngano. Shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) pia zina gluteni. Suji ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu ni chengachenga na mtu hudhani ni nafaka nyingine.

Ushauri wangu hapa wenzangu wengi hawaupendi: usianze na keki. Anza na vitu ambavyo tangu mwanzo havikuwa na ngano. Pwani yetu ina utamaduni mzima wa kuumua bila ngano. Vitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina, ule Mombasa wanaouita mkate wa sinia, ni mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki, na unakatwa vipande kama keki. Mkate wa mofa ni mtama, unabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Mtoto akipewa mkate wa kumimina mzuri siku ya kuzaliwa, na mshumaa juu, hatauliza ngano iko wapi. Ndugu zake watamwonea wivu.

Ukitaka kujua siri ya kuoka bila ngano, angalia vitumbua vinavyotengenezwa. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na maji yake au na tui, hamira inaingia, unaachwa uumuke, ndipo unapikwa. Kila hatua ina maana. Wanga wa mchele unahitaji maji mengi na joto la juu kuliko wa ngano ili uive, takriban nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea, kwa hiyo punje isiyoshiba maji inabaki ngumu na unaitafuna kama mchanga. Kulowesha kunatatua hilo. Kusaga na maji kunatoa rojo laini kuliko unga mkavu wa mashine. Na rojo yenyewe ni nyepesi, haikandwi, kwa sababu hakuna gluteni ya kukandwa. Anayetoa ngano kisha akataka donge la kukanda kama la maandazi anajitesa.

Ukishazoea mapishi hayo, njoo kwenye keki. Kanuni ya kwanza ni kutotumia unga mmoja. Mchele peke yake unatoa keki kavu inayomomonyoka, muhogo peke yake umeshauona, ulezi peke yake ni mzito na mweusi. Ukiwachanganya, kila mmoja unafunika upungufu wa mwenzake. Mimi natumia sehemu mbili za mchele, moja ya muhogo usiochachushwa, moja ya ulezi au mtama mweupe. Kanuni ya pili ni kuweka kitu cha kushika badala ya gluteni. Mayai ndiyo ya kwanza. Kuna pia maganda ya isapgol, yale yanayouzwa maduka ya dawa kwa watu wenye choo kigumu; yakilowana yanakuwa ute mzito unaoshika vizuri sana. Chagua yasiyo na ladha ya chungwa wala sukari. Ukiyakosa, saga mbegu za chia au za kitani, kijiko kikubwa kimoja kwa vijiko vitatu vya maji.

Kwa sufuria ya kipenyo cha sentimita 20 chukua gramu 120 za unga wa mchele, 60 za muhogo, 60 za ulezi. Majarini au siagi gramu 150, sukari 160, mayai manne, maziwa mililita 150, bekingi pauda vijiko viwili na nusu vya chai, isapgol vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, iliki. Robo kilo yako ya majarini hapa ni nyingi mno; bila utando wa ngano mafuta yanachuruzika na kuifanya keki iwe nzito chini.

Pasha maziwa yawe ya uvuguvugu, changanya na unga wa mchele pamoja na isapgol, funika nusu saa. Usiweke bekingi pauda bado, itaanza kazi na kuimaliza kabla ya moto. Piga majarini na sukari mpaka iwe nyeupe, ongeza mayai moja moja, usiwe na haraka hapo kwa sababu hewa unayoiingiza sasa ndiyo utakayoitegemea. Ingiza mchele uliolowana. Chekecha ulezi, muhogo, chumvi, iliki na bekingi pauda kwa pamoja, changanya. Tofauti na keki ya ngano, hii usiogope kuikoroga, haitakuwa ngumu kwa kukorogwa. Rojo itakuwa nyepesi kuliko uliyoizoea. Ikiwa nzito kiasi cha kusimamisha mwiko, ongeza maziwa vijiko viwili vitatu.

Kwenye oveni ni nyuzi 170 kwa dakika 45 hadi 50. Kwa mkaa, weka mchache chini na mwingi kidogo juu, na usifunue kabla ya nusu saa kupita, kwa kuwa keki isiyo na gluteni inaogopa upepo wa ghafla kuliko ya ngano. Ikipasuka juu ilhali ndani bado ni maji, mkaa wa juu ulikuwa mkali. Ikididimia katikati baada ya kutoka, punguza maziwa kijiko kimoja au viwili mara nyingine na iache dakika tano zaidi. Kijiti kitoke kikavu, kisha ipoe kabisa kabla ya kisu. Isiyolika siku hiyo usiiweke friji: wanga wa mchele kwenye ubaridi hukakamaa upesi. Ifunike vizuri, na kesho ipashe kidogo.

Limebaki jambo ambalo daktari huenda hakulieleza kwa undani. Mchele wako unaweza kuwa safi na bado ukamdhuru mtoto, kwa sababu mashine ya kusaga mtaani inasaga ngano ya jirani yako, halafu mchele wako unafuata na kubeba masalia. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, na vumbi lililobaki kwenye mashine linaweza kukivuka. Kufika wa kwanza asubuhi hakusaidii kama jana walifunga na ngano. Ama utafute mashine isiyosaga ngano kabisa, ama unga uliofungwa na kuandikwa hauna gluteni, ama usage mwenyewe nyumbani: mchele uliolowekwa unasagika kwenye blenda, nawe huhitaji mashine. Ukiusaga hivyo, loweka gramu 120 za mchele usiku kucha, chuja, saga na yale maziwa, ila kwanza punguza vijiko vikubwa vitatu kwenye zile mililita 150 kwa sababu mchele umeshakunywa maji.

Chekeche ya ngano haioshwi ikasafika, nunua nyingine. Mwiko wa mbao vilevile. Bekingi pauda soma kopo, nyingine huwekewa wanga wa ngano. Na kwa kuwa unauza mandazi na chapati hapohapo nyumbani, vumbi la ngano linabaki hewani muda mrefu baada ya kukanda. Siku ya keki ya mtoto, oka yake alfajiri, ifunike na uiondoe jikoni, ndipo ufungue mfuko wa ngano.